Mgongo wa Mzee Usiopona: Pima Damu Kabla ya Sindano Nyingine

Hapa Tabora, mzee aliyelima tumbaku miaka mingi akilalamikia mgongo, jibu huwa tayari: ni matuta na magunia. Anachomwa diklofenaki, dawa ya maumivu, anapata nafuu siku tatu, anarudi. Jamani, mgongo unaouma zaidi ya mwezi kwa mtu aliyevuka miaka 50, na damu yake inapungua, usiishie duka la dawa.

Huenda ni mayeloma, saratani ya seli za plazma. Seli hizi hukaa kwenye uboho wa mifupa, zikitengeneza kingamwili. Moja ikiharibika huzaa wenzake, na wote humwaga protini ya aina moja isiyo na kazi. Sehemu ya protini hiyo huziba mirija midogo ya figo. Diklofenaki nayo hupunguza damu inayofika kwenye figo hizohizo. Wakati mnasubiri majibu, mpeni parasetamoli.

Kijiti cha mkojo kisiwape matumaini: kinakamata albumini, protini ya kawaida ya damu, lakini protini ya mayeloma mara nyingi kinaikosa. Ombeni picha kamili ya damu, ESR (kasi ya chembe nyekundu kutuama), kreatinini (kipimo cha figo), kalisiamu, protini jumla na albumini. Toa albumini kwenye protini jumla. Ikibaki zaidi ya gramu 40 kwa lita, uchunguzi uendelee, ingawa VVU na homa ya ini ya muda mrefu huweza kufanya hivyo pia. Mtu wa maabara aitazame damu kwa darubini: chembe nyekundu zilizopangana kama sarafu ni dalili ya kutiliwa maanani. Kiu kali, choo kigumu na maneno yasiyoeleweka huashiria kalisiamu imepanda. Hapo ni hospitali leo, si kesho.

Umri ndio hatari kubwa. Watu weusi huupata karibu mara mbili ya wazungu, na mwenye mzazi au ndugu aliyeugua yuko hatarini zaidi. VVU huongeza hasa saratani nyingine, ya limfu (mfumo wa tezi za kinga), kwa hiyo ARV zisikatishwe. Kiuatilifu cha lindeni nacho kilithibitishwa mwaka 2015 kuwa kinasababisha saratani hiyo ya limfu. Kopo la zamani lisilo na lebo stoo, msilifungue.

Mkipewa rufaa kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, bebeni majibu yote ya zamani pamoja na filamu za eksirei. Daktari atataka kujua damu ilianza kushuka lini.