Kuainisha jeraha la kibofu katika upasuaji wa tezi dume kwa endoskopi

Ninyi mnaoanza mafunzo ya upasuaji wa njia ya mkojo, msiandike "jeraha dogo la kibofu" katika ripoti mkadhani mmeeleza jambo. Daktari wa zamu atakayeitwa usiku anataka kujua mawili: jeraha limefika kina gani na, kama limetoboa, limetokea ndani au nje ya peritonea, yaani utando unaofunika viungo vya tumbo.

Kina husomwa kwa macho. Jeraha la utando wa ndani pekee huonekana kama mchubuko, na aghalabu mpira wa mkojo hutosha. Nyuzi za misuli zikiwa zimekatika, jeraha ni la kina. Mkiona mafuta ya manjano kati ya nyuzi hizo, ukuta umetoboka. Mara nyingi hatari hii huja wakati wa kusaga vipande vya tezi iliyochokolewa kwa leza, kibofu kikiwa hakijajaa vizuri au damu ikiwa imetia ukungu, hata ukuta ukavutwa ndani ya kinywa cha kisagio. Ndiyo maana damu huzuiwa kwanza, hata kama kiongozi wa upasuaji ana haraka.

Tundu la nje ya peritonea hujulikana pale maji ya kuoshea kibofu yanayorudi yanapopungua kuliko yanayoingia, huku sehemu ya chini ya tumbo ikikaza. Mengi hupona kwa mpira wa mkojo kwa siku 7 hadi 14, kisha picha ya kibofu yenye dawa hupigwa kabla ya kuutoa. La ndani huvimbisha tumbo zima, na mgonjwa aliyepewa ganzi ya mgongo anaweza kulalamikia bega (msimpuuze, wala msidhani amechoka kulala). Hilo kwa kawaida hushonwa.

Mtakutana na mizani ya AAST (chama cha Marekani cha upasuaji wa majeraha) yenye madaraja 1 hadi 5 na mpaka wa sentimita 2 za urefu wa mpasuko. Iliundwa kwa ajili ya majeruhi, na daraja la 5 hugusa shingo ya kibofu, mahali ambapo sisi hukata kwa makusudi, kwa hiyo itumieni kwa tahadhari. Mizani ya Clavien-Dindo nayo hupima tiba iliyohitajika baada ya upasuaji: mgonjwa akirudishwa kushonwa chini ya nusukaputi, hilo ni daraja la 3b, lakini tundu lililoshonwa papo hapo halimo humo. Kwa hiyo andikeni kwanza mahali, ukubwa, kina, na kiasi cha maji kilichoingia na kutoka, daraja lifuate.