Muulize Mzee: Mbona Hearst hakuwa rais?

SWALI: Assalaam alaykum, Mzee. Mwalimu wetu wa historia katwambia kuwa William Randolph Hearst, tajiri wa magazeti wa Marekani, aliitia nchi yake vitani kwa kalamu tu. Kama alikuwa na nguvu hizo, mbona hakuwa rais? – Mwanafunzi, Wete, Pemba.

JAWABU: Waalaykum salaam, mjukuu wangu. Urais aliutaka sana. Mwaka 1904 aliomba chama cha Democratic kimsimamishe, kikamkataa. Ubunge aliupata, 1903 hadi 1907, lakini umeya wa New York aliukosa mwaka 1905, na ugavana mwaka 1906. Watu walinunua gazeti lake kwa senti moja, kura wakampa mwengine.

Kuhusu vita, vile vya Marekani na Hispania, meli ya kivita ya Marekani, Maine, iliporipuka Havana, Cuba, mwezi wa Februari 1898, gazeti lake la Journal liliwabebesha Wahispania lawama kabla uchunguzi haujakwisha. Hilo ni kosa kubwa. Ila Wacuba walikuwa wameshashika silaha dhidi ya utawala wa Hispania tangu 1895. Vita havikuzaliwa chumba cha habari.

Mimi linalonigusa ni la watoto waliomuuzia magazeti yake mitaani. Wakati wa vita, bei ya jumla waliyonunulia magazeti 100 ilipandishwa kutoka senti 50 hadi 60. Vita vilipokwisha, wenye magazeti wengine wakaishusha. Hearst na mwenye gazeti mwenzake, Pulitzer, wakakataa. Julai 1899 watoto wakagoma, kiasi cha wiki mbili. Bei haikushuka, lakini walipata jambo moja kubwa: gazeti lisilouzika linarudishwa, nao wanarejeshewa pesa zao.

Hilo nalijua kwa mwili wangu. Nikiwa na umri kama wako niliuza magazeti Darajani, Unguja. Yalikuja kwa boti kutoka Dar es Salaam, na boti ikichelewa yalifika alasiri, watu wameshasikia kila kitu redioni. Nilibaki na furushi kwapani, wino umenishika vidole, na aliyenipa mzigo anataka pesa yake kamili. Muuza njugu alikuwa akiyanunua kwa kilo, ayafungie njugu zake. Nilichopata hakikutosha mkate wa nyumbani.

Mwambie mwalimu awasomeshe na mgomo ule. Ningelikuwa na haki ile ya kurudisha, nisingeliuza baiskeli ya marehemu baba kulipa deni la magazeti ya juzi.