Maswali ya Wasomaji: Kurejesha folda za watumiaji kwenye kompyuta za pamoja

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasimamia kompyuta za Linux katika maktaba. Baadhi hutumiwa na wageni kwa akaunti moja ya wote, na nyingine hutumiwa na wanachama, kila mmoja kwa akaunti yake. Akaunti ya wageni huchafuka kila siku: faili zimetapakaa, mipangilio imevurugwa, na kivinjari kimehifadhi nywila za watu. Wanachama nao hunijia mara kwa mara wakiomba niwarudishie kazi walizozifuta kwa bahati mbaya. Nimeambiwa kuwa snapshoti za mfumo wa faili, yaani kumbukumbu za jinsi faili zilivyokuwa wakati fulani, hutatua matatizo yote mawili. Je, ni kweli, na nianzie wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, ni kweli, lakini usiyatatue kwa utaratibu mmoja. Mgeni anahitaji usahaulifu, yaani anayemfuata asikute chochote alichokifanya; mwanachama anahitaji kumbukumbu. Ukiwawekea wote ratiba ileile ya snapshoti, utamdhuru mmojawapo.

Mifumo ya faili kama ZFS, iliyotoka katika kampuni ya Sun Microsystems na kutolewa kwa umma mwaka 2005, na Btrfs, iliyoingia katika kiini cha Linux mwaka 2009, haiandiki data mpya juu ya ile ya zamani. Huiandika mahali pengine kwenye diski, kisha hubadilisha vielekezi, yaani alama zinazoonyesha data iko wapi. Kwa sababu hiyo, kuchukua snapshoti ni kuuagiza mfumo usiachie vipande vya zamani. Kazi hiyo huisha mara moja, na mwanzoni haili nafasi yoyote ya maana. Nafasi huanza kuliwa kadiri faili zinavyobadilishwa au kufutwa baadaye.

Kwa akaunti ya wageni, itengenezee folda yake mfumo wa faili wa peke yake ndani ya ZFS. Ingia kama mgeni, panga lugha, kivinjari na kila kitu unachotaka mgeni akikute, kisha toka na uchukue snapshoti moja. Tuseme umeiita «safi». Kuanzia hapo, kila mgeni anapotoka, hati ndogo, yaani faili ya amri zinazojiendesha zenyewe, inayoendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi huita amri ya zfs rollback, na folda hurudi ilivyokuwa. Usitegemee hatua ya kutoka peke yake, kwa kuwa umeme ukikatika au mtu akiizima kompyuta kwa nguvu, hati haitaendeshwa. Iweke pia wakati kompyuta inapowaka, kabla ya ukurasa wa kuingia kuonekana. Tena hati hiyo ihakikishe kwanza kwamba hakuna programu ya mgeni inayoendelea kufanya kazi, kwa sababu kurudisha folda ambayo bado inatumiwa huziacha programu hizo zikishika faili ambazo hazipo tena.

Jambo ambalo ningekuomba ulitazame kwa makini kuliko yote ni hili: akaunti ya wageni isiingizwe kabisa katika snapshoti za kila saa. Kwanza, ZFS hukubali kurudi kwenye snapshoti ya mwisho tu. Zikiwapo nyingine mpya zaidi, amri hukataa mpaka uongeze -r, ambayo huziangamiza zote zilizofuata. Pili, na hili ni zito zaidi, snapshoti iliyochukuliwa wakati mgeni yumo ndani huhifadhi nywila, picha na barua zake hata baada ya folda kusafishwa. Mtu aliyekuamini kwa siri zake asiachwe akidhani zimefutika ilhali zimo kwenye diski.

Kumbuka pia kwamba rollback hugusa mfumo huo wa faili peke yake. Vilivyoachwa katika folda za muda za /tmp na /var/tmp, pamoja na kazi za cron (zinazojiendesha kwa ratiba) alizopanga mgeni, unapaswa kuvifuta kwa amri nyingine.

Ukitumia Btrfs, hakuna amri ya namna hiyo: unafuta kijisehemu cha mgeni, yaani subvolyumu yake, kisha unaunda kipya kutokana na snapshoti safi ya kusomwa tu.

Kwa wanachama, usirudishe folda nzima hata mmoja akikusihi. Aliyefuta insha asubuhi huenda ameandika mambo mengine mchana, na rollback ingeyafuta. Mpe kila mwanachama mfumo wake wa faili, panga snapshoti za kila saa zinazodumu siku moja na za kila siku zinazodumu wiki chache, kisha mwonyeshe folda iliyofichwa ya .zfs/snapshot iliyomo ndani ya folda yake. Humo ataikuta faili yake katika hali ya saa mbalimbali, na ataweza kuinakili mwenyewe bila kukungoja. Ruhusa za faili hubaki zilivyokuwa wakati ule, kwa hiyo hatafungua faili ambazo hakuruhusiwa kuzisoma.

Unapomwekea mwanachama kikomo cha nafasi katika ZFS, tumia mpangilio wa refquota badala ya ule wa quota. Quota huhesabu pia nafasi inayoshikwa na snapshoti, hivyo mwanachama aliyefikia kikomo anaweza kufuta faili zake zote kubwa na bado asipate nafasi, jambo linalowachanganya watu na kuwakatisha tamaa.

SWALI: Nikishaweka snapshoti, je, ninaweza kuacha kuchukua nakala rudufu?

JIBU: Hapana. Snapshoti hukaa kwenye diski zilezile zenye faili. Diski zikiharibika au kompyuta ikiibiwa, vyote hupotea pamoja. Tumia zfs send kupeleka snapshoti za wanachama kwenye mashine nyingine: mara ya kwanza hupelekwa data yote, na baada ya hapo hupelekwa tofauti tu kati ya snapshoti iliyotangulia na mpya, mradi ile iliyotangulia bado ipo pande zote mbili. Kwa hiyo, hati inayofuta snapshoti za zamani isiifute ya mwisho iliyokwisha kupelekwa, la sivyo utalazimika kuanza upya kwa kupeleka data yote.