Muulize Fundi: Betri Inalala, Redio Inasahau

Safari hii barua karibu zote zimetoka kwa watu walionunua pikapu zilizotumika, na wala sishangai. Mwenye gari wa kwanza alifunga redio, wa pili akaongeza amplifaya, wa tatu akavuta waya wa taa za tela, na kila mmoja alikata waya pale mkono wake ulipofika. Wewe wa nne ndiye unayelala gizani.

Shikamoo fundi. Nina pikapu ya dizeli niliyonunua mkononi mwa mtu. Nikiiegesha siku mbili, betri inalala kabisa. Nimeweka betri mpya, hali ni ileile. Tena redio inasahau stesheni na saa kila nikizima swichi, ingawa ikiwaka inaimba vizuri, na amplifaya yake nayo haina shida. Fundi mmoja anasema alteneta, ile mashine ya kuchaji betri, mwingine anasema redio. Nimwamini nani?

Marahaba. Kwa sasa usimwamini yeyote, maana katika barua yako yote sijaona mahali ambapo mtu alishika mita akapima. Halafu hayo ni magonjwa mawili tofauti. Ukiyatibu kama moja utanunua vifaa mpaka mfuko utoboke.

Tuanze na jepesi. Redio nyingi za kununua na kufunga mwenyewe zina rangi za nyaya zinazofanana: mweusi ni ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari), mwekundu unapata moto ukiwasha swichi, na wa njano unatakiwa kuwa na moto saa zote, hata gari likiwa limezimwa, kwa sababu ndio unaotunza saa na stesheni. Kwa kuwa redio yako inaimba, wa njano unapata moto, ila unaupata kwa saa zisizo zake. Aliyeifunga ameuunga pamoja na mwekundu, au amezipishana zote mbili. Zima swichi, weka ncha nyeusi ya mita kwenye chuma kitupu cha bodi na ncha nyekundu kwenye waya wa njano. Ukisoma sifuri, tafuta waya wa gari wenye volti 12 wakati swichi imezimwa, uunge hapo, na uweke fyuzi. Kumbuka tu kwamba rangi ninazotaja ni za upande wa redio. Upande wa gari kila kiwanda kina rangi zake, kwa hiyo huko amini mita, usiamini macho.

Sasa betri. Gari lililolala halipaswi kunywa zaidi ya takriban miliampea 50, yaani ampea 0.05. Kwa mwendo huo, linakula ampea-saa 1.2 kwa siku, na betri ya ampea-saa 60 itavumilia wiki kadhaa. Lakini kikiwepo kitu kinachovuta ampea 0.8 kimyakimya, baada ya siku mbili kimeshachukua ampea-saa 38. Kilichobaki hakisukumi stata ya dizeli. Ndiyo hesabu ya gari lako, au karibu na hiyo.

Ungekuwa mbele yangu ningekuuliza kwanza: asubuhi, kabla hujawasha chochote, umewahi kugusa hiyo amplifaya? Ifuate mahali ilipofungwa, mara nyingi nyuma ya kiti, uweke kiganja juu yake. Ikiwa na uvuguvugu, mwizi umemkamata. Amplifaya huamshwa na waya mwembamba wa bluu wenye mstari mweupe unaotoka kwenye redio, na redio ikizimwa waya huo hukosa moto, nayo inalala. Fundi mvivu haufikishi kwenye redio. Anauunga palepale kwenye waya mkubwa wa betri, amplifaya inakesha. Kazi ya namna hiyo nimeikuta mara nyingi: waya umemenywa kwa meno, umesokotwa na mwenzake, ukafungwa tepu ambayo gundi yake imeshageuka kuwa uji mweusi unaonata vidoleni.

Ikiwa amplifaya ni baridi, pima. Zima kila kitu na ufungue boneti. Mlango ukiuacha wazi, bonyeza kitasa chake kwa bisibisi kijifunge ili gari lidhani mlango umefungwa. Hamisha waya mwekundu wa mita uingie tundu la ampea 10, kisha fungua kibanio cha hasi cha betri na uiweke mita katikati ya kibanio na kichwa cha betri, umeme upite ndani yake. Subiri nusu saa, hasa kama gari lina kompyuta, kwa kuwa vifaa vingine huchelewa kusinzia. Usijaribu kuwasha injini mita ikiwa hapo, utaiunguza. Namba ikiwa bado kubwa, chomoa fyuzi mojamoja huku ukiitazama. Fyuzi ambayo ikitoka namba inaanguka, njia yake ndiyo yenye mwizi.

Umezichomoa zote na namba haijatikisika? Basi mwizi hapiti kwenye sanduku la fyuzi. Angalia kila waya ulioungwa moja kwa moja kwenye kichwa cha chanya: ving'ora, taa za ziada, kifaa cha kufuatilia gari ambacho mwenyewe wa zamani alikisahau. Ving'ora vya kubandika nina ugomvi navyo wa siku nyingi, tuuache. Mwisho kabisa, ukiwa umeshafungua betri, toa waya mnene wa alteneta, uuzungushie tepu, upime tena. Namba ikishuka sasa, diodi ndani ya alteneta, kile kijilango cha kupitisha umeme upande mmoja tu, inavujisha umeme kurudi nyuma, na yule fundi wako wa kwanza atakuwa amebahatisha sawa.

Na mtu asije akakwambia uchomoe betri injini ikinguruma ili "kupima alteneta". Umeme huruka juu ghafla ukapitia redio na kompyuta. Alteneta hupimwa betri ikiwa imefungwa: injini ikiwaka, kwenye vichwa vya betri usome kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikiwa imezimwa na imepumzika, betri iliyojaa husoma kama 12.6. Ukikuta 12.0, ina njaa kali.

Fundi, nimefunga redio na amplifaya mwenyewe. Injini ikiwa imezimwa muziki ni safi. Nikiwasha, spika zinapiga mluzi, na nikikanyaga mafuta mluzi unapanda. Rafiki ameniambia ninunue kichujio cha kelele.

Kichujio kiache dukani kwanza. Mluzi unaofuata mwendo wa injini unatokana na alteneta, ila alteneta yenyewe mara nyingi haina kosa lolote. Kosa liko kwenye ethi.

Pikapu ina jambo lake ambalo wenye magari madogo hawakutani nalo. Kibini hukaa juu ya chasisi kwa raba. Bodi ya kubebea mizigo ni kipande kingine. Injini nayo imekalia raba zake. Raba haipitishi umeme, kwa hiyo vipande hivi vyote hushikana kwa nyaya za ethi, mara nyingi utepe wa shaba uliofumwa, zinazokaa kwenye matope na maji kwa miaka. Utepe ukila kutu, umeme wa kurudi kwenye betri unatafuta vichochoro, na kichochoro cha karibu ni lile ganda la nyuzi za shaba la waya wa sauti kati ya redio na amplifaya. Hapo ndipo mluzi unapoingia.

Jaribu hivi. Kwenye amplifaya, chomoa zile nyaya za sauti zenye vichwa vyekundu na vyeupe. Mluzi ukiisha, unaletwa na nyaya hizo au na redio. Ukiendelea, uko kwenye umeme wa amplifaya yenyewe. Kisha weka mita kwenye volti za kawaida (DC), ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye skrubu ya ethi ya amplifaya, na upige muziki kwa nguvu. Isizidi volti 0.2. Ikizidi, fungua hiyo boliti ya ethi. Nakuhakikishia utakuta imekaa juu ya rangi. Rangi ni kizuizi. Ikwangue mpaka chuma king'ae, funga kwa nguvu, halafu ndipo upake grisi au rangi juu yake kuzuia kutu. Waya wa ethi usizidi nusu mita, na unene wake usipungue ule wa chanya.

Umepitisha waya wa sauti upande mmoja na waya mnene wa betri? Zitenganishe, mmoja kulia mwingine kushoto. Na kama ethi zote ni nzuri na bado inapiga mluzi, washa taa kubwa injini ikiwa inanguruma, weka mita kwenye volti za AC (umeme wa kwenda na kurudi), upime kwenye betri. Ukisoma zaidi ya nusu volti, hapo ndipo nitakubali kwamba alteneta ina diodi mbovu.

Nikikanyaga breki, indiketa za nyuma zinawaka nusunusu na taa ndogo zinafifia. Nimebadilisha balbu zote. Ni swichi ya breki?

Hapana, dada, swichi iache. Ni ethi tena, safari hii ya taa za nyuma. Balbu ya breki ina nyuzi mbili ndani, mara nyingi wati 21 za breki na wati 5 za taa ndogo, na zote mbili hurudi kwa njia moja. Njia hiyo ikiziba, umeme wa breki hauna pa kutokea, unageuka na kupita ndani ya balbu ya jirani ukitafuta nyumbani. Ndiyo maana unaona taa isiyohusika ikiwaka.

Chukua kipande cha waya, upande mmoja kwenye chuma cha kishikizi cha balbu, mwingine kwenye chuma kisafi cha chasisi. Mtu akanyage breki. Taa zikinyooka, jibu umelipata. Fuata waya wa ethi wa taa hizo mpaka boliti yake, kwa kawaida iko kwenye bodi au chasisi karibu na gurudumu la nyuma, na uisafishe. Kama tela lilifungwa zamani, angalia pia vile vibanio vya plastiki vinavyotoboa waya. Maji huingia humo na shaba inageuka unga wa kijani.

Spika ya mlango wa dereva inakatika na kurudi nikifunga mlango. Nibadilishe spika?

Usibadilishe. Kunja ile raba kati ya mlango na kibini uone waya uliokatika ndani ya ganda lake. Ukitaka kuwa na uhakika, chomoa nyaya za spika na uziguse kwa betri ndogo ya volti 1.5. Ikilia "tak", ni nzima. Ukiunga upya, waya wa hasi wa spika urudi kwenye redio, usiufunge kwenye bodi. Redio za sasa hutoa umeme pande zote mbili za spika, na ukiugusisha mmoja na bodi unaweza kuiua redio.

Fyuzi ya redio, ya ampea 10, ilikuwa inakatika kila mara. Nimeweka ya 20 na sasa haikatiki. Nimemaliza tatizo?

Umelinyamazisha. Irudishe nyekundu ya 10 leo hii, maana sasa kitakachokatika ni waya, tena nyuma ya dashibodi ambako kuna plastiki na vitambaa vya kushika moto. Kisha tazama kwenye kifuniko cha sanduku la fyuzi kama redio na tundu la kiberiti cha gari vinatumia fyuzi moja, kama ilivyo kwenye magari mengi. Ikiwa ndivyo, chungulia ndani ya tundu hilo kwa tochi. Sarafu ikidondokea humo inagusanisha kati na kando, shoti inapigwa, na mtu anailaumu redio. Kabla ya kuingiza koleo kuitoa, chomoa fyuzi.