Madoa kwenye filamu uliyosafisha nyumbani

Swali: Fundi, nimesafisha filamu yangu ya kwanza ya nyeusi na nyeupe. Picha zimetoka, ila angani kuna vitone vyeusi vya duara. Nimekosea wapi?

Jibu: Iache picha iliyochapwa, itazame negativu, yaani filamu yenyewe iliyosafishwa, ambako cheusi huonekana angavu na cheupe huonekana cheusi. Kitone cheusi kwenye picha ni mahali penye uwazi kwenye negativu, yaani chembe za fedha hazikupata dawa ya kutosha kuwa nyeusi. Duara lenye kingo kali hivyo kwa kawaida ni kazi ya kiputo cha hewa: kimeng'ang'ania filamu, dawa ya kusafishia ikashindwa kufika chini yake. Ukishamimina dawa, gonga kitako cha tangi mezani mara mbili tatu, tena kwa nguvu, na urudie kila unapomaliza kulipindua. Mimi pia huilowesha filamu kwanza kwa dakika moja, kwenye maji yenye joto lilelile la dawa, nyuzi 20 za Selsiasi.

Vingekuwa na umbo la ovyo, vingine kama uzi, ningelaumu vumbi lililokuwa ndani ya kamera ulipopiga. Yote mawili hayaponi kwenye negativu. Utayaziba kwenye chapisho.

Swali: Yangu ni meupe kwenye picha. Ni kosa lilelile?

Jibu: Hapana. Mara nyingi ni vumbi lililotua juu ya negativu wakati wa kuchapa au kuskani. Lipulize. Lisipoondoka, huenda poda ya dawa haikuyeyuka yote. Ichanganye siku moja kabla na uichuje.

Swali: Filamu imekauka na alama kama machozi yaliyokaukia shavuni. Niisugue?

Jibu: Tafadhali usiisugue! Iinamishe chini ya taa uone alama iko upande gani. Ikiwa upande unaong'aa, hiyo ni chokaa ya maji magumu: pumulia hapo, upanguse taratibu kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Upande usiong'aa ndiko iliko jelatini yenye picha, nayo ikilowa hukwaruzwa hata na kucha. Huko usipanguse kitu; loweka filamu upya. Alama nyingine hazitatoka, kwa sababu tone likichelewa kukauka huivuta jelatini ikakauka vibaya.

Kinga yake ni rahisi mno, na inaniuma kuona watu wakiiruka: suuza mara ya mwisho kwa maji yaliyokenekwa yenye dawa ya kuteremsha matone. Photo-Flo 200, kwa mfano, ni sehemu 1 kwa 200 za maji. Ukizidisha, dawa yenyewe itaacha utando.

Swali: Nina mabaka ya rangi ya maziwa. Filamu imekufa?

Jibu: Pengine bado. Fiksa, yaani dawa inayoondoa fedha isiyogeuka picha, haijamaliza kazi. Irudishe kwenye fiksa mpya, hata mchana kweupe, kisha uioshe vizuri. Ila kama filamu iligusana kwenye rili, yaani kile kigurudumu cha kuiviringishia ndani ya tangi, baka litatoka na chini yake hakutakuwa na picha, maana hata dawa ya kwanza haikufika.

Siku nyingine, tumbukiza kwanza kipande cha ncha ya filamu kwenye fiksa uhesabu sekunde hadi kiwe angavu. Acha filamu humo angalau mara mbili ya muda huo. Fiksa ikianza kuchukua muda maradufu kuliko ilipokuwa mpya, usiitumie tena.

Swali: Na alama ndogo kama mwezi mwandamo?

Jibu: Filamu ilijikunja ulipoipakia kwenye rili. Fanya mazoezi kwa filamu mbovu ukiwa umefumba macho. Ikikwama, irudishe nyuma kidogo, usiisukume.