Ukipewa ukepteni wa bweni, anza na makubaliano, jezi baadae

Kila mashindano ya mabweni yakikaribia napata meseji za wadogo zangu walioko chuo, wanauliza enzi zetu tulikuwa tunafanyaje, na wengi wanaanza na jezi, mlishonesha wapi, mdhamini mlimpataje, fomesheni gani mlicheza. Hayo yote yana muda wake. Mimi nawaambia kwanza kaeni chini wote, wanaoanza, wa benchi na wale wa kubeba maji, mkubaliane mtaishije kwa hizo wiki za mashindano. Nilikuwa kepteni wa timu ya kuvuta kamba ya bweni letu na baadae nikapewa kuratibu michezo yote, kwahiyo haya ninayoyaandika nimeyaona kwa macho.

Nianze na kamba maana ndo mchezo unaoonyesha timu ilivyo bila kuficha kitu. Watu wanauchukulia kama mchezo wa mabavu tu, lakini uliwahi kuwa kwenye Olimpiki kuanzia 1900 mpaka 1920, una sheria zake, timu ni watu nane na kwenye sheria za kimataifa unashinda ukiwavuta wenzio mita nne. Wa mwisho nyuma ndo anayepitisha kamba mgongoni na begani, wengine wote ni mikono mitupu, hamna kufunga fundo wala kukaa chini makusudi. Sasa utakuta bweni lina majitu manane, kila mtu anavuta kwa wakati wake, huyu anakaza huyu anapumua, wanaburuzwa na vijana wembamba wanaoenda na sauti moja. Kwetu mwenye sauti alikuwa dogo wa mwaka wa kwanza, hata kwenye kamba hakuwemo, alisimama pembeni tu anahesabu, na wazee wa mwaka wa tatu walikuwa wanamsikiliza yeye. Hilo lilichukua muda kukubalika, maana chuoni mtu wa mwaka wa kwanza hazoei kumwamrisha mkubwa wake.

Kuna mhandisi mmoja wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, alipima nguvu za watu wakivuta kamba na matokeo yake yakachapishwa 1913. Tuseme mtu akivuta peke yake anatoa 100, wakiwa wawili kila mmoja anatoa kama 93, wakiwa wanne 77, wakifika nane kila mmoja anatoa 49 hivi, yaani chini ya nusu. Na nane ndo timu kamili ya kamba! Sehemu ya hasara ni kwamba watu hawavuti kwa pamoja, hiyo ndo dawa yake sauti. Sehemu nyingine ni kutegeana. Mwaka 1974 ikatoka tafiti nyingine Marekani, mtu anafungwa macho anawekwa mbele anaambiwa kuna wenzio nyuma yako wanavuta, kumbe hawavuti kabisa, na bado alikuwa anapunguza nguvu. Kwahiyo hata mtu mzuri tu, asiye mvivu, anategea bila kujijua akishaona wako wengi.

Sisi dawa ya kutegea tuliipata kwa kufunga kamba kwenye mti nyuma ya bweni, kila mtu anavuta peke yake wenzake wakimwangalia, alafu wawili wawili, alafu wanne, mpaka nane. Ukishamwona mwenzio anavyojikamua mpaka anatetemeka, siku ya mechi huwezi kumwachia mzigo, unajua yuko nyuma yako anafanya nini na yeye anajua wewe unafanya nini. Hiyo ifanyeni hata kwa mpira, hata kwa kriketi, hata kwa kwaya kama bweni lenu lina kwaya. Mtu akionekana kazi yake anaifanya.

Turudi kwenye makubaliano. Yasiwe maneno makubwa ya kuandika kwenye bango, umoja, nidhamu, ushindi, hayo kila bweni linayo na hayamsaidii mtu saa kumi na mbili asubuhi wakati mvua inanyesha na bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, halijaingia. Yawe ni vitu ambavyo mtu yeyote anaweza kumkumbusha mwenzake bila kuonekana anamwonea. Kwetu tulikubaliana kufika kwa muda, kusema ukiwa umeumia badala ya kuficha ili usipoteze namba, michango yote na matumizi yote yawekwe kwenye grupu hata kama ni maji ya buku, na kubwa kuliko zote, hamna kumfokea mwenzio uwanjani. Akikosea tunaongea tukirudi bwenini. Hili la kufokeana linaua timu haraka sana jamani, beki akishafokewa mbele ya mashabiki wa bweni pinzani anaanza kucheza kwa kuogopa, mpira wenyewe hautaki tena, ukimfikia anaubutua tu.

Na makubaliano yana kazi siku yanapouma. Tulikuwa na straika mkali kuliko wote pale bwenini, mazoezini akawa haji, anasema yeye kiwango chake kinajulikana. Kabla ya mechi moja muhimu tukakaa tukaongea nae kwa heshima, hakubadilika, tukamwanzisha dogo aliyekuwa anakuja kila siku. Tulifungwa mechi ile. Mashabiki walisema maneno mengi na kuna waliotaka ukepteni ubadilishwe, lakini mazoezi yaliyofuata watu walijaa mpaka wengine tukawa tunawaambia subirini zamu, na yule straika mwenyewe alikuja, akaomba radhi kwa wenzake, akacheza zilizobaki kwa moyo. Mpaka leo naamini tulifanya sawa, na ningefanya vilevile hata ingekuwa fainali.

Kitu ambacho makepteni wengi wanakisahau ni imani za watu. Bwenini mnaishi Waislamu, Wakristo, Wasabato, na ratiba moja mbovu inaweza kumtoa mtu kwenye timu bila nyie kujua kwanini kapoa. Msiweke mazoezi Ijumaa mchana, Msabato msimdai Jumamosi, na Ramadhani ikiingia msiwakimbize waliofunga juani kama vile hamna kitu. Sisi tulisogeza mazoezi mazito baada ya futari na tukawa tunafuturu pamoja, wasiofunga nao wanachangia tende na uji, na naweza kusema zile jioni zilitujenga kuliko mazoezi yenyewe. Waliokuwa hawasalimiani kwenye korido walianza kuitana majina.

Netiboli sitaongea sana maana dada zetu wanaijua kuliko mimi, ila angalieni sheria zake zinavyofundisha, wachezaji saba, wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu, na mpira huwezi kukaa nao zaidi ya sekunde tatu. Yani senta anakimbia uwanja karibu wote na haruhusiwi kufunga hata goli moja. Mkitoa shukrani bwenini baada ya mechi anzeni na senta na mabeki, wafungaji wameshashangiliwa uwanjani.

Mwisho kabisa, mashindano yakiisha msitawanyike tu kwasababu UE, mitihani ya mwisho wa semesta, imekaribia. Kama mmeshinda mbuzi, aliwe na bweni zima pamoja na wale waliokuwa benchi mashindano yote bila kugusa mpira. Jezi zikusanywe jioni hiyohiyo zihesabiwe zifuliwe, hela iliyobaki isomwe mbele ya watu, na daftari lenye hesabu, majina ya wachezaji na yale makubaliano apewe mtu wa mwaka wa pili ambaye mwakani atakuwepo, akiwa ameshakaa na nyie walau vikao viwili akaona mnavyoamua mambo.