Sauti ipande au ishuke? Majibu kwa wanaojifunza Kiingereza

Shikamoo mwalimu. Nahudumu kwenye mgahawa wa hoteli, Zanzibar. Napita na birika nikisema "Tea" kwa heshima zote, lakini meneja anasema wageni wananiona mkali. Kosa langu nini?

Marahaba. Kosa liko kwenye mkia wa neno. "Tea" ikishuka, mgeni anasikia "chai hii hapa, shauri yako". Ikipanda, anasikia "nikumiminie?"

Wala si wewe wa kwanza. John Gumperz, mwanaisimu wa Marekani, alieleza kisa cha wanawake kutoka India na Pakistan waliokuwa wakipakua chakula kwenye kantini ya wafanyakazi, katika uwanja mmoja mkubwa wa ndege Uingereza. Mtu akichukua nyama, huulizwa kama anataka mchuzi. Waingereza walisema "Gravy?" wakipandisha. Wale wanawake walisema "Gravy" wakishusha, maana kwao ndivyo mtu anavyomkaribisha mwenzake, wakaonekana wana kiburi. Waliposikilizishwa sauti zilizorekodiwa, mwanzoni hawakuona tofauti: neno si ni lile lile?

Sisi nasi tunanaswa hapo hapo. Kiswahili kimelitwika neno adabu: "Karibu chai." Ushushe usishushe, "karibu" imeshamaliza kazi. Kwa Kiingereza cha neno moja mezani, kazi hiyo inafanywa na sauti. Na tuelewane: kupandisha si kupaza. Usije ukawapigia wageni kelele.

Tulifundishwa kwamba swali huishia juu. Mbona kwenye sinema wanauliza "Where are you going?" sauti ikishuka?

Mlifundishwa nusu. Linalopanda kwa kawaida ni swali la ndiyo au hapana: "Are you going?" Hata sisi, "umekula" na "umekula?" hutenganishwa na sauti tu usipotia "je". Swali lenye "where", "what" au "who" limeshajitangaza kwa neno lake, basi sauti kwa kawaida hushuka. Ukipandisha "Where?" peke yake, mwenzako atadhani hukusikia, atarudia alichosema.

Bosi wangu Mwingereza alisoma ripoti yangu akasema "It's good", sauti ikashuka halafu ikapinda juu. Nikaenda nyumbani na furaha zangu. Kesho yake ripoti imerudi imejaa wino mwekundu. Alinidanganya?

Hakukudanganya, ndugu yangu. Alikuambia, hukumsikia. Ule mkunjo wa kushuka na kupanda ndani ya neno moja ndio "ila" yao. Sisi "ila" tunaitamka: "Ni nzuri, ila..." Wao wanaimeza, unabaki wimbo wake.

Jaribu sasa hivi. Anza "good" juu, teremka, kisha ukunje mkia juu kidogo, kama mama anavyovuta "haaaya" akikuona unatoka bila mwavuli na mawingu yametanda. Umeisikia ile "utajua mwenyewe" ambayo hakuisema? Ndiyo hiyo. Mgeni akikuambia "I like the food" na mkunjo ukatua kwenye "food", basi chakula amekipenda. Ya huduma na chumba usimuulize kama huna moyo. Ningepewa saa moja tu na watu wa maofisini, ningefundisha mkunjo huu na mengine niyaache.

"You've paid, haven't you?" Huo mwisho unapanda au unashuka?

Vyote viwili. Ukishusha, unajua amelipa, unataka aitikie tu: "Si umelipa?" Ukipandisha, huna hakika, unauliza kweli. Mpangaji mwenye deni atazitofautisha upesi.

Binti yangu anapandisha mwisho wa kila sentensi, hata akitaja jina lake. Kayatoa kwenye video za mtandaoni. Nimkataze?

Mwache. Mtindo huo umezoeleka Australia, New Zealand na California, na mwaka 1993 mwandishi wa Marekani James Gorman aliupa jina la "uptalk". Kule Belfast, Ireland ya Kaskazini, nako sentensi za kawaida kabisa huishia juu, wala hakuna anayedhani anaulizwa. Ila siku ya usaili wa kazi, jina lake alishushe. Wapo wazee wa kamati watakaosikia kama anawauliza wao anaitwa nani.